Mota Kubwa na Haki ya Jirani

Taifa likililia kitu kwa miaka mingi, siku likipatapo hudhani kilio kimekwisha. Ndivyo ilivyo kwetu leo katika habari ya umeme. Tulililia wingi wake. Tulitazama mawingu, tukapima kina cha mabwawa, tukalizoea neno mgawo kama tulivyolizoea neno masika. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ulianza kutoa umeme. Kituo kile kina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla yake megawati 2,115. Na uwezo wa vituo vyote vya nchi umekwisha kupita megawati 3,000. Hilo ni jambo la kujivunia, nasi twajivunia bila haya.

Lakini wingi ni jambo moja, na wema ni jambo lingine. Maji mengi yaliyochafuka hayamfai mwenye kiu. Kadhalika umeme. Wenye ujuzi huupima wema wake kwa maswali matatu. Je, volti zake zimetulia, au hupanda na kushuka? Je, wimbi lake ni safi, au limekunjwakunjwa njiani? Na je, mkondo upitao katika waya wafanya kazi wote, au sehemu yake yapita bure na kuupasha waya moto? Nchi yaweza kuwa na megawati elfu nyingi, na bado mwananchi aliye mwisho wa laini akajibiwa vibaya katika maswali yote matatu.

Msaga nafaka wa kijijini aijua habari hii, ingawa hana kipimo mkononi. Mara taa yafifia, mashine yabadili sauti, mkanda wateleza. Sekunde kadhaa baadaye kila kitu chatengemaa kana kwamba halikutokea neno. Ataulaumu umeme, au atamlaumu fundi. Si kila mara atakuwa amekosea. Radi hupiga laini, matawi ya miti huangukia waya, nguzo huoza. Na hayo ni madeni ya shirika la umeme, ambayo hatutaki kuyafuta. Lakini iko sababu nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ndiyo tutakayo kuisema leo. Huenda maili kadhaa kutoka kwa msaga nafaka yule, juu ya laini ile ile, mtu amewasha mota kubwa.

Hapana budi tueleze mota kubwa hufanya nini. Mota zinazosukuma maji ya miji yetu, zinazozungusha vinu vya saruji na mapanga ya kupuliza hewa katika migodi, nyingi ni za uzao wa zile zilizobuniwa na Nikola Tesla na Galileo Ferraris, ambao kila mmoja alitangaza kazi yake mwaka 1888. Ni mota imara, rahisi, isiyo na anasa. Kasoro yake moja ni tabia yake wakati wa kuamka. Ikiunganishwa ghafla na laini huku imesimama, huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule iuhitajio ikiwa kazini. Tena mkondo huo, sehemu yake kubwa haizungushi kitu: huenda na kurudi katika waya, huku volti za laini nzima zikishuka.

Tuchukue hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mota ya kilowati 1,000 kwenye laini ya kilovolti 11 huvuta takriban ampea 64 iwapo kazini. Ikiwashwa moja kwa moja, kwa mara 6, ampea zitafika karibu 380. Yaani laini yatakiwa ghafla kubeba zaidi ya kVA 7,000. Palipo karibu na kituo kikubwa cha kupoza umeme, laini haitashtuka sana. Lakini laini zetu nyingi za kilovolti 11 na 33 ni ndefu, zimenyoshwa kwa haki kabisa ili ziwafikie wananchi wa mbali. Mahali ambapo nguvu ya laini, kwa kipimo cha mafundi cha shoti, ni MVA 50 tu, kishindo kile kitazishusha volti kwa asilimia 13 hivi. Nyumba iliyostahili volti 230 yapata 200. Na mota nyingine zilizokuwa zikifanya kazi kwa amani pembeni zapoteza zaidi, maana uwezo wa mota wa kuzungusha hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: aliyebakiwa na asilimia 87 ya volti amebakiwa na asilimia 76 tu ya nguvu zake. Robo ya nguvu imenyang'anywa, wala hakuna aliyeombwa ruhusa.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa hata fahali wa pili hahitajiki. Mmoja akiinuka kutoka usingizini, nyasi zimeumia. Nani hasa huumia? Ni mchomeleaji ambaye kazi yake yaharibika katikati ya mshono. Ni zahanati ambayo jokofu lake la chanjo lajizima na kujiwasha mara nyingi kuliko lilivyoundwa kuvumilia. Ni wafanyakazi wa kiwanda kile kile chenye mota, maana volti zikizama sana kontakta huachia, mashine nyingine husimama, na zamu nzima huanza upya kusafisha na kupanga. Kisha mwisho wa mwezi wao ndio huulizwa kwa nini kazi imepungua.

Na mwenye mota alipa nini kwa madhara hayo? Mara nyingi halipi kitu. Wateja wakubwa hutozwa kwa uniti walizotumia na kwa kilele cha mahitaji yao kinachopimwa kwa kVA. Lakini kipimo hicho kwa desturi huchukua wastani wa robo saa au nusu saa. Kishindo cha sekunde 10 humezwa ndani ya wastani huo kama tone ndani ya mtungi. Mita yake haikioni. Taa ya jirani ndiyo ikionayo. Hapo ndipo jambo la mafundi lageukapo kuwa jambo la siasa, na ndiyo sababu gazeti la Chama lalishughulikia. Faida yaingia mfuko mmoja, hasara yagawanywa kwa wengi, na hao wengi ndio wasio na sauti wala kipimo. Sisi hatujui jina lingine la jambo la namna hiyo ila kutokuwa na haki.

Dawa ipo, nayo si ndoto. Ni mtambo ukaao kati ya laini na mota, ambao mafundi wetu huuita draivu. Kazi yake yaelezeka bila kiburi cha kitaalamu. Draivu huupokea umeme wetu wenye mapigo 50 kwa sekunde, huugeuza kuwa mkondo wa upande mmoja, kisha huukata na kuuunda upya kwa mapigo yoyote yatakiwayo: 2, 10, 30, hata 50. Mota hufuata mapigo iliyopewa. Ikipewa mapigo machache huanza polepole. Yakiongezwa nayo huongeza mwendo, hadi ifike pale itakiwapo. Kwa mota ya pampu, mkondo uvutwao kwenye laini huanza karibu na sifuri na kupanda taratibu hadi kiasi cha kazi ya kawaida, bila kukipita. Kishindo kile cha ampea 380 hakipo tena. Mwenda pole hajikwai, wala hamkwazi mwenziwe.

Draivu ndogo za volti 400 si ngeni kwetu. Zimo katika viwanda vingi vya nguo, vya vinywaji na vya plastiki. Tunazozisema leo ni zile za msongo wa kati, za kilovolti 3.3, 6.6 au 11, zifaazo mota za mamia na maelfu ya kilowati. Hizo ndizo zenye uzito, kwa sababu mota za kiasi hicho ndizo ziwezazo kuitikisa wilaya nzima.

Faida haiishii kwa jirani. Mota iwashwayo kwa kishindo huumia yenyewe: nyaya zake hupata moto, mhimili wake hupindwa. Ndiyo maana watengenezaji huweka sheria kwamba mota kubwa isiwashwe zaidi ya mara 2 mfululizo ikiwa baridi, au mara 1 ikiwa moto. Matokeo yake kila mwendeshaji wa pampu ayajua. Huogopa kuizima. Hata maji yakiwa mengi kuliko haja, huiacha izunguke kwa mwendo wote, akafunga vali nusu ili kuyazuia. Ni kama dereva akanyagaye mafuta kwa mguu mmoja na breki kwa mguu wa pili. Hatumlaumu mwendeshaji huyo. Alitii sheria ya mota aliyopewa. Twamlaumu aliyemnunulia mota bila kumpa njia ya kuiongoza.

Hapa maumbile yatupa zawadi. Pampu ikipunguziwa mwendo hadi asilimia 80, nguvu iitakayo hushuka kwa kipeo cha tatu, ikawa karibu asilimia 51. Lakini tuseme kweli yote, maana nusu ya kweli ni uongo wa kistaarabu. Hesabu hiyo yafaa hasa pale ambapo kazi ya pampu ni kushinda msuguano wa bomba refu. Pale ambapo kazi yake kubwa ni kuyapandisha maji mlimani, akiba huwa ndogo zaidi, maana urefu wa mlima haupungui kwa kuwa mota imepunguza mwendo. Muuzaji atakayemwonyesha mkurugenzi wa maji kipeo cha tatu bila kuuliza urefu wa mlima, huyo amekuja kuuza, hakuja kusaidia.

Sasa twafika kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote, nalo limetoka kwa wahandisi wenyewe. Wasema: draivu yaponya kuzama kwa volti, lakini yenyewe yaleta maradhi mengine. Ni kweli. Draivu ya mtindo wa zamani haivuti umeme kwa wimbi laini. Huuvuta kwa mabonge. Mabonge hayo, mafundi wakiyachambua, huwa ni mawimbi madogo yaendayo mbio zaidi yaliyopanda juu ya wimbi kubwa. Huitwa hamoniki. Kwa umeme wetu wa mapigo 50, draivu ya aina rahisi, yenye mapigo 6 ya kugeuza mkondo, huzaa hamoniki ya 5 na ya 7, yaani mapigo 250 na 350 kwa sekunde, kisha ya 11 na ya 13, na kuendelea. Uchafu huo hupita kwenye laini ukaingia kwa jirani. Huzipasha moto transfoma zake, huzitesa mota zake, na pakiwa na kapasita mahali pabaya waweza kukuzwa mara nyingi mpaka kapasita zikapasuka.

Basi mtu aliyeondoa kishindo kwa draivu chafu hakumtendea jirani haki. Amebadili tusi tu. Lakini ufundi haukulala. Njia ya kuyafuta mawimbi hayo ni kuupokea umeme kwa transfoma yenye mafungu mengi ya nyaya, kila fungu likiwa limechelewa kidogo nyuma ya mwenziwe. Mawimbi machafu ya fungu moja hukutana na ya fungu la pili yakielekea kinyume, yakauana. Mafungu 2 yakipangwa vema hamoniki ya 5 na ya 7 hufutika. Mafungu 3, na ya 11 na ya 13 hufutika pia. Mwaka 1997 mhandisi wa Marekani, Peter Hammond wa kampuni ya Robicon, alichapisha katika jarida la wahandisi njia ya kuunganisha vyumba vingi vidogo vya umeme kwa mfululizo, kila chumba kikiwa na fungu lake katika transfoma moja. Panapokuwa na vyumba 6 kwa kila moja ya njia tatu za umeme, hupatikana mafungu 18, na uchafu wa kwanza unaobaki ni hamoniki ya 35 na ya 37, ambayo ni hafifu mno. Upande wa mota nao hupata wimbi la ngazi nyingi ndogo lililokaribia usafi wa umeme wa kawaida, hata mota ya zamani yaweza kutumika bila kubadilishwa. Leo makampuni mengi ya Ulaya, Asia na Marekani huuza mitambo ya namna hiyo.

Tena kuna kipimo ambacho dunia imekubali. Wahandisi wa Marekani wana kanuni iitwayo IEEE 519, iliyosahihishwa mara ya mwisho mwaka 2022. Kwa laini zilizo juu ya kilovolti 1 mpaka kilovolti 69, kanuni hiyo yataka uchafu wote wa volti usipite asilimia 5, wala hamoniki yoyote peke yake isipite asilimia 3. Jambo la hekima katika kanuni hiyo ni mahali inapopimia. Haipimi ndani ya kiwanda, bali pale ambapo mteja hukutana na wateja wenzake kwenye laini ya wote. Yaani: ndani ya nyumba yako fanya utakavyo, lakini kizingitini tutakupima. Huo ni ujirani ulioandikwa kwa tarakimu.

Swali la tatu tulilolitaja ni la mkondo upitao bure. Mota ya kawaida huhitaji mkondo wa kuunda usumaku wake, ambao huenda na kurudi bila kugeuka kazi. Mafundi huiita habari hiyo pawa fakta. Ikiwa chini, laini hubeba ampea nyingi kwa kazi chache, transfoma hushiba mapema, na bili ya kVA hupanda. Desturi yetu imekuwa kufunga kapasita, na nyingi hufa kimyakimya bila mtu kuangalia. Draivu njema za msongo wa kati hushika pawa fakta ya 0.95 au zaidi kwa karibu mwendo wote wa kazi, kwa kuwa usumaku wa mota hulishwa na draivu yenyewe, si na laini. Kwa hiyo laini ile ile, bila kuongezewa waya wala nguzo, yapata nafasi ya kumbeba mteja mwingine. Nchi iliyotumia fedha za umma kujenga laini ndefu ingefanya ujinga kuzijaza kwa mkondo usiofanya kazi.

Wako watu wasemao: hayo yote ni mazuri, lakini mtambo huo ni ghali. Sisi hatutawadanganya wasomaji wetu kwamba ni wa bure. Draivu ya msongo wa kati pamoja na transfoma yake yaweza kugharimu kuliko mota yenyewe. Hula asilimia 3 au 4 ya umeme uipitiao. Yataka chumba chenye ubaridi na kisicho na vumbi, na vumbi letu twalijua. Panapo laini yenye nguvu, na mota iwashwayo mara moja kwa mwezi ikafanya kazi kwa mwendo mmoja, draivu huenda isiwe na haja. Kifaa cha kuwashia polepole, kilicho rahisi zaidi, chaweza kutosha. Mhandisi mwaminifu atayasema hayo kabla ya kuulizwa.

Lakini wasemao ghali waulizwe: ghali kwa nani? Maana bei ya mota iliyonunuliwa rahisi haikukoma dukani. Sehemu yake hulipwa na msaga nafaka, sehemu na zahanati, sehemu na wafanyakazi waliopoteza zamu. Bei hiyo haiandikwi katika zabuni, lakini hulipwa.

Tena kuna njia ya kuipunguza ambayo yatupendeza sana, kwa kuwa yafanana na mila zetu. Si lazima kila mota iwe na draivu yake. Katika kituo chenye pampu 4 au 5, draivu moja yaweza kuiamsha ya kwanza taratibu, ikaifikisha mapigo 50, ikalinganisha wimbi lake na wimbi la laini, ikaikabidhi kwa laini bila mtikisiko; kisha ikamwendea wa pili, na wa tatu. Wa mwisho hubaki mkononi mwake ili kuongeza au kupunguza maji kwa kadiri ya haja. Mtambo mmoja wahudumia wote kwa zamu. Wazee wetu walilimiana mashamba kwa namna hiyo hiyo, jembe likizunguka kutoka kwa huyu hadi kwa yule, wala hakuna aliyesema kuwa kila mtu lazima awe na wake.

Sasa tuseme neno ambalo huenda lisipendwe na baadhi ya wenzetu. Ni rahisi kwa gazeti la Chama kumnyoshea kidole mwenye mgodi au mwenye kiwanda, na akistahili tutamnyoshea. Lakini wenye mota kubwa katika nchi hii si watu binafsi tu. Maji ya Dar es Salaam hutoka Ruvu Juu, mtambo uliojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, ulioanza katika miaka ya 1970. Maji ya Shinyanga na Kahama husukumwa kutoka Ihelele, kando ya Ziwa Victoria. Miji mingine yaendelea kuvuta maji kutoka mbali, na pampu zaongezeka mwaka hadi mwaka. Hizo ni mali zetu. Taa ya mjane haiulizi kama mota iliyoifisha ni ya bepari au ya umma. Hufifia vile vile. Shirika la umma likitaka kumhubiria mwekezaji habari ya haki ya jirani, lianze kwa kupima kizingiti chake lenyewe. Tukitoza wengine kanuni ambayo sisi wenyewe hatuifuati, wananchi wataiona upesi kuliko mita.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matano, nayo twayasema wazi.

Kwanza, kila zabuni ya umma ya mota kubwa ieleze nguvu ya shoti ya laini mahali mota itakapokaa, na imtake mwuzaji aonyeshe kwa hesabu volti zitashuka kiasi gani itakapowashwa. Mwenye kuuza bila kuijua laini auza gizani.

Pili, zabuni isihukumiwe kwa bei ya kununulia peke yake. Ihesabiwe na bili ya umeme ya miaka 15 au 20 ya kazi, pamoja na matengenezo. Kitu rahisi dukani chaweza kuwa mirija katika bajeti ya mamlaka ya maji kwa kizazi kizima.

Tatu, uchafu wa wimbi upimwe kwenye kizingiti siku ya kukabidhiwa mtambo, mbele ya shirika la umeme, na matokeo yatiwe saini. Waulize pia jambo moja dogo linalosahauliwa: transfoma ya draivu yenyewe, ifunguliwapo umeme kwa mara ya kwanza, huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi. Iko mitambo yenye njia ya kuiamsha taratibu. Haifai kuondoa kishindo cha mota na kukaribisha cha transfoma.

Nne, TANESCO na EWURA watafute njia ya kuufanya mshtuko uonekane katika hesabu, si wastani wa nusu saa tu. Vipimo vya kunasa volti zinazozama kwa sekunde moja vipo, wala si vya ajabu. Asiyepimwa hawezi kuonywa, na asiyeonywa hawezi kutozwa kwa haki.

Tano, na hili kwetu ni kubwa: ujuzi ubaki nchini. Draivu ikifika na maneno yake ya siri yakabaki kwa mwuzaji, fundi wetu hugeuka kuwa mfuta vumbi wa mtambo aliokabidhiwa. Chumba kimoja kikiungua atasubiri mgeni apande ndege, na mji utasubiri maji. Mikataba itamke kwamba maneno ya siri, michoro na vipuri vitakuwa mikononi mwa mafundi wetu, na kwamba watafunzwa mpaka waweze kubadilisha chumba kilichoharibika wenyewe. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, pamoja na vyuo vya VETA, vyaweza kulibeba jukumu hilo vikipewa mitambo ya kujifunzia badala ya picha za mitambo. Kujitegemea hakukuwa kamwe kukataa mtambo wa mgeni. Maana yake ni kutokuwa mgeni mbele ya mtambo wako mwenyewe.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi tuna neno la mwisho. Msidhani kwamba jambo hili ni la wahandisi peke yao, la kuzungumzwa kwa Kiingereza katika vyumba vyenye viyoyozi. Ninyi ndio mnaosikia mashine ikibadili sauti. Andikeni siku, saa na kilichosimama. Daftari la miezi mitatu, lililoandikwa na mwendeshaji mwaminifu, lina uzito kuliko malalamiko ya miaka mitatu. Lipelekeni katika baraza la wafanyakazi; mabaraza hayo yaliwekwa mwaka 1970 ili mfanyakazi awe na neno katika uendeshaji wa kazi, si katika sikukuu tu. Ulizeni: mota ile iliwashwa saa ngapi? Na kwa njia gani? Na kwa nini si kwa njia nyingine?

Na viongozi wa Chama katika matawi, msiridhike kusema katika mikutano kwamba nguzo zimefika kijijini. Nguzo kufika ni mwanzo. Ingieni kwa msaga nafaka, ingieni katika zahanati, ulizeni umeme wenyewe waonaje. Tulipopigania wingi tulikuwa na haki, na wingi tumeupata. Sasa haki hiyo hiyo yatudai wema wake, na wa kwanza kudaiwa ni sisi wenye mota kubwa.